Santuri Inayonukia Makopa

Mzee alizificha santuri zake ndani ya gunia la makopa mwaka 1969, na mpaka leo zinanukia muhogo mkavu. Alipofungua sanduku la mbao sebuleni kwake, nyuma ya Hospitali ya Tumbi, Kibaha, harufu ndiyo iliyonipokea kwanza. Zilikuwa sahani ishirini na kitu, zile ndogo za inchi saba zenye tundu pana katikati. Nyingine zimo ndani ya bahasha za kaki, nyingine zimeviringishiwa gazeti lililogeuka rangi ya tumbaku.

"Hizi zilikuwa haramu, mwanangu," alisema, akizipanga mkekani moja moja kama mtu anayeanika samaki. "Si haramu ya msikitini. Haramu ya mkoa."

Nilikuwa nimeshuka Maili Moja asubuhi ile nikiwa na jambo moja tu kichwani. Kwa muda mrefu nimekuwa nikikusanya habari za vijana wa Pwani na muziki wa soul, na kila niliyemuuliza alinipeleka Dar es Salaam: kumbi, hoteli, suruali za kubana, nywele zilizofugwa. Hakuna aliyenitajia Kibaha. Kisha dada mmoja ninayefanya naye kazi akaniambia babu yake anaishi Tumbi na anazo sahani za James Brown. Kesho yake nikapanda basi, nikaifuata ile barabara ya njia nane kutoka Kimara, na kabla jua halijapanda nikawa mlangoni kwa Mzee nikipiga hodi.

Vijana wa leo ukiwaambia kwamba soul iliwahi kupigwa marufuku nchini mwetu, hawaamini. Ilipigwa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kuchubua ngozi vikome. Mwaka ule haukwisha. Novemba 1969 ikaja zamu ya muziki. Uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao siku hizo Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, ukaikataza soul kwenye madansi ya mji. Ilisemwa kwamba inawaharibu vijana na kwamba ni utamaduni wa kigeni. Barua zikamiminika magazetini. Wapo walioshukuru. Wapo waliouliza swali ambalo mimi bado naliona liko pale pale: ikiwa soul ni sauti ya Weusi wa Marekani, watu waliovushwa bahari kwa minyororo, ina ugeni gani kwetu kuliko chacha na walsi, ambazo ziliachwa ziendelee kupigwa?

Mzee hakuandika barua. Alikuwa dereva kijana katika mradi wa nchi za Nordiki, ule uliotiwa saini mwaka 1963 ukaleta Kibaha shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, kisha mwaka 1970 ukakabidhiwa serikali na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Alikuwa akiteremka mjini na gari kuchukua vifaa, na senti zilizobaki kwenye mshahara ziliishia duka la santuri Kariakoo. Habari ya marufuku aliipata redioni. Kama inamhusu mtu wa Kibaha anayesikiliza chumbani kwake, hakujua, wala hakutaka kwenda kuuliza. Mama yake alikuwa amemletea gunia la makopa. Akamimina nusu kwenye beseni, akazipanga sahani ndani, akazifunika kwa nusu iliyobaki.

"Zilikaa humo muda gani, Mzee?"

"Mpaka makopa yalipoisha. Mke wangu alikuwa akichota anaweka mkono taratibu, kama anayetoa mayai chini ya kuku."

Akaanza na Otis Redding. Chenja yake ni ya zamani sana. Mkanda wa ndani ulikatika, ameubadilisha kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, kwa hiyo mwendo unapungua na kuongezeka kidogo, na sauti nayo inanyumbuka. Nilimsikiliza Otis akibembeleza. Alikufa kwa ajali ya ndege Desemba 1967, ana miaka 26, na Mzee aliinunua sahani ile mwaka uliofuata bila kujua kwamba anayemsikiliza ni marehemu. Tukaenda kwa Aretha Franklin, tukaenda kwa Wilson Pickett. Nikaandika mengi. Nilikwisha kupata nilichokifuata, na nilianza kuifikiria safari ya kurudi.

Ndipo akaitoa ile iliyokuwa chini kabisa.

Lebo yake imeliwa na mende. Imebaki nusu duara ya karatasi, na juu yake neno moja linalosomeka: NUTA. Jina la wimbo limekwenda, jina la mtunzi limekwenda.

"Hii haikuwa na kosa lolote," Mzee akasema. "Ilikuwa ya kwetu, ya chama. Lakini siku ile nilikuwa na haraka, nikaichanganya na wenzake, ikalala nao humo humo."

Akaweka sindano.

Gitaa la solo lilitangulia peke yake, halina mikogo. Ridhimu ikaja kuliegemea, besi na tumba zikaingia kwa pamoja, kisha tarumbeta. Halafu sauti ya mwanamume, nzito, ina mkwaruzo mdogo chini yake kama mguu unaokanyaga mchanga. Ilitoa mstari mmoja, ikanyamaza. Pale iliponyamaza, sauti nyingine mbili au tatu ziliuchukua mstari ule ule, zikaupandisha, zikaurudisha mahali pake. Akatoa tena, wakapokea tena. Hakuna aliyepaza, hakuna aliyelia kama Otis. Lakini mwili ulinisisimka. Kilichonipata dakika kumi nyuma kwa yule mtu wa Georgia kilinipata pale pale kwa hawa watu wa Dar es Salaam, nami nikamwomba Mzee arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, mara hii nikaishika simu karibu na spika nirekodi.

"Huyo anayetoa ni Muhidini," akasema wimbo ulipokwisha.

"Muhidini Gurumo?"

"Unamjua Muhidini mwingine? Bado kijana hapo, sauti haijakaa sawasawa. Lakini ndiye. Mtu wa Masaki."

Nilitaka ageuze upande wa pili. Akatikisa kichwa: huko pamekwaruzika, sindano inaruka, na hakutaka kuiharibu kwa kuwa ni moja tu aliyo nayo.

Gurumo mtu mzima tunamjua sote. Ameimba kwenye sherehe za wazazi wetu, na asubuhi za Jumapili redioni, kiasi kwamba sauti yake imekuwa kama sehemu ya nyumba. Gurumo kijana ndiye nilikuwa simjui, na nilirudi nyumbani nikajifungia naye siku kadhaa. Muhidini Maalim Gurumo alizaliwa kijiji cha Masaki, Kisarawe, mwaka 1940. Mwaka 1960 aliingia kwenye dansi na bendi ya Kilimanjaro Chacha, akapitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, na mwaka 1964 akajiunga na NUTA Jazz, bendi ikiwa ndiyo kwanza inaundwa.

Kuundwa huko kulikuwa jambo kubwa kuliko tunavyokumbuka. Bendi za Dar es Salaam siku zile nyingi zilikuwa kama vyama vya watu wa kwao. Majina yenyewe yanasema: Kilwa Jazz, Rufiji Jazz, Western Jazz ya watu wa Tabora. Mtu akitoka bara au kusini akafika mjini, alijua wapi pa kwenda Jumamosi kukutana na lafudhi yake. NUTA ilianza kwa namna nyingine. Ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi kilichozaliwa mwaka huo huo wa 1964. Chama kiliajiri wanamuziki, kikanunua vyombo, kikawalipa mshahara kila mwezi kama makarani. Baadaye jeshi, polisi, JKT na viwanda vya umma vikafuata mfano huo, na kwa miaka mingi mwanamuziki wa Tanzania akawa mtumishi mwenye ratiba ya kazi na ala zisizo zake. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ilibadili: kutoka NUTA ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka ilipojichukulia jina la mtindo wake na kuwa Msondo Ngoma.

Ule mtindo ndio ulionifanya nirudi kwa Mzee wiki iliyofuata. Kila bendi ya enzi zile ilikuwa na mtindo wake. Western walicheza Saboso, Atomic ya Tanga walicheza Kiweka, na Super Volcano ya Mbaraka Mwinshehe walikuja na Masika. Msondo wa NUTA si neno lililobuniwa kwa ajili ya kumbi. Msondo ni ngoma ndefu ya Uzaramo, ile inayosimama katikati ya wanawake mwali anapochezwa. Na mwaka 1978 Gurumo alipokwenda kuianzisha Mlimani Park na wenzake, mtindo wao ukaitwa Sikinde, ambayo nayo ni ngoma ya Wazaramo, wakaongeza kwamba ni ngoma ya ukae, yaani ya nyumbani. Mara mbili, bendi mbili kubwa kuliko zote za mji zimechukua jina kutoka nchi ile ile ya mikorosho nyuma ya vilima vya Pugu, na mara zote mbili Gurumo alikuwamo.

Nilimweleza Mzee kilichokuwa kikinisumbua. Wale waimbaji wake wa soul, wengi walitoka kanisani. Sam Cooke aliimba kwanza na Soul Stirrers, kundi la injili. Aretha alilelewa katika kanisa la Detroit ambalo baba yake ndiye mchungaji. Sauti zile zilikuwa zimeshajibizana na waumini miaka na miaka kabla hazijasimama mbele ya maikrofoni. Ndiyo maana ukimsikia Aretha unasikia watu nyuma yake hata pale asipoitikiwa na mtu. Sasa huyu Gurumo, aliyeanza dansi akiwa kijana wa miaka 20, na ambaye katika santuri hii tayari anajua anyamaze wapi ili wengine wapate nafasi, alijibizana na nani?

"Nenda kwao ukaulize," Mzee akasema. "Lakini usipite Dar. Pita Mlandizi, uione nchi iliyomtoa."

Njia aliyonipa ni ndefu na wengi wanaikwepa. Mtu wa Kibaha anayekwenda Kisarawe hurudi Mbezi, akakata Kinyerezi mpaka Gongo la Mboto, kisha akapanda Pugu. Mimi nilipanda basi dogo hadi Mlandizi, nikaingia kwenye Noah iliyojaa watu tisa, kuku wawili na roli la waya wa uzio, tukaiacha lami tukaelekea kusini. Masika yalikuwa yamekwisha majuzi. Barabara ilikuwa na mifereji ya maji yaliyokauka, na dereva alikuwa akiyumba kutoka ukingo huu hadi ule akiitafuta ardhi ngumu. Mikorosho mikubwa imeinamisha matawi mpaka chini. Magunia ya mkaa yamesimama kando ya njia bila mwenyewe, na kila baada ya nyumba tatu nne kuna turubai limetandikwa, juu yake makopa meupe yanakauka. Nikavuta pumzi. Ilikuwa harufu ya sanduku la Mzee.

Mzenga tuliposhuka kunyoosha miguu, abiria mmoja wa makamo alinisikia nikimuuliza dereva habari za Masaki na Gurumo.

"Unamfuata Muhidini, unampita Mbaraka?" aliniuliza. "Mbaraka Mwinshehe amelala hapa hapa Mzenga."

Alinionyesha kwa mkono upande wa mashamba. Sikuwa na muda wa kwenda, na jambo hilo bado linaniuma. Nilisimama karibu na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976 na inayopita hapo ikielekea Kidatu na Zambia, nikamwombea dua kijana yule aliyekufa kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, hajafikisha hata miaka 35. Santuri zetu nazo ziliitegemea Kenya, ambayo mpaka wake ulifungwa miaka miwili kabla ya kifo chake. Kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodiwa Redio Tanzania kwenye kanda, na aliyetaka sahani ilibidi Nairobi imsaidie. Ndiyo maana nyimbo nyingi za miaka ya sitini wazee wanazijua kutoka hewani, na sahani zenyewe ukizipata unazibeba kama mayai.

Kutoka Mzenga hadi Maneromango nilikwenda na bodaboda. Wamisionari wa Kijerumani waliweka kituo Maneromango mwishoni mwa karne ya 19, na Walutheri wapo hapo mpaka leo. Tulipopita, kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi, sauti ya nne chini ikishikilia mahali pamoja huku wanawake wakipanda juu yake. Nusu kilomita mbele, msikitini, watoto walikuwa wakisoma. Kijana wa bodaboda alizima injini kwenye mteremko kuokoa mafuta, na kwa muda tukateremka tukisikia vyote viwili, kwaya nyuma na madrasa mbele. Nilitaka mteremko ule uwe mrefu zaidi.

Masaki ni kijiji kilichotulia kando ya barabara ya Kisarawe. Kuna maduka machache, kijiwe cha bodaboda chini ya mwembe, nyumba zilizopeana nafasi katikati ya michungwa na minazi. Niliuliza kijiweni, na kijana mmoja akasema nyimbo za zamani ni kazi ya bibi yake. Akanipeleka.

Bibi alikuwa amekaa barazani na wenzake wawili wakimenya mihogo. Nikapiga magoti nikaamkia. "Marahaba, mjukuu wangu, marahaba." Nikapewa kibao cha kukalia na kisu, kwa sababu haikuwezekana nikae nimekunja mikono, na tukamenya robo saa nzima kabla sijasema kilichonileta. Sikuanza na Gurumo. Nilitoa simu, nikawasha wimbo, nikaiweka juu ya ungo.

Walinyamaza. Visu vikasimama. Ulipofika pale sauti nzito inaponyamaza na wengine wanapochukua, Bibi alifumba macho na midomo yake ikasogea, ingawa alisema baadaye kwamba wimbo wenyewe haukumbuki.

"Muhidini huyo," akasema mwenzake wa kushoto.

"Muhidini," Bibi akakubali. "Lakini mimi nasikiliza hao wanaompokea. Wamefundwa hao."

Nikamuuliza ana maana gani. Sikujibiwa kwa maneno. Alisukuma ndoo ya plastiki kwa mwenzake wa kulia, akaigeuza juu chini, na yule mama, mwenye umri usiopungua miaka 70, akaanza kuipiga kwa viganja, mkono mmoja ukisema neno lile lile bila kuchoka na mwingine ukizungukazunguka. Bibi akatoa mstari. Mwenzake akaupokea kabla haujafika chini, hewani, kama mtu anayepokea mtoto kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine. Bibi akatoa tena, sasa ameubadilisha kidogo, na mwenzake akaupokea kama ulivyobadilika. Hapakuwa na mahali ambapo wimbo uligusa ardhi. Walinieleza kwamba msichana akiwa ndani, kabla ya kutolewa mwali, kupokea ndilo somo analolifanya kila usiku. Akichelewa, wimbo unakufa na wenzake wote wanasikia. Akiwahi, amemkatiza mkubwa wake. Kutoa kunakuja baadaye sana, na wengine hakuwafikii kamwe.

Mengine waliyoniambia jioni ile kuhusu msondo ni ya ndani, na nimeyaacha barazani yalipo.

Wavulana, waliniambia, hupata somo hilo hilo mahali pengine. Na kama kwamba wamepanga, baada ya sala ya alasiri sauti zikaanza kutoka madrasa iliyo nyuma ya nyumba ya jirani. Ustadhi alitoa, watoto wakapokea. Kwa muda wa saa nzima nilikaa nikisikiliza mtu mmoja akinyamaza kwa wakati na kundi likiingia kwa wakati. Mwezi wa Mfungo Sita, Bibi alisema, maulidi yakisomwa na dufu zikipigwa, ni hivyo hivyo mpaka alfajiri. Nililitazama tena jina la Gurumo nilivyoliandika daftarini: Muhidini, kisha Maalim, kisha Gurumo. Mtu aliyelelewa kati ya baraza kama hii na madrasa kama ile hahitaji kufundishwa na studio mahali pa kunyamaza. NUTA walimlipa mshahara kwa elimu ambayo Masaki ilimpa bure.

Nadhani kilichowaponyoka wale walioikataza soul mwaka 1969 ni kwamba kijana aliyekuwa akiifuata kwenye ukumbi hakuwa akikimbia kwao. Alikuwa amesikia, kwa lugha asiyoielewa, watu wakitoa na kupokea vile vile kama bibi zake. Mzee wa Tumbi hakuona ajabu kuzipanga zote kwenye gunia moja, na hakukosea kwa haraka kama alivyodhani. Zilikuwa pamoja tangu mwanzo.

Tulizungumza pia habari za mazishi. Gurumo alifariki Muhimbili Aprili 2014, akarudishwa Masaki, na Bibi anakumbuka magari yaliyojaa mpaka yakakosa pa kugeuzia, na watu wa mjini waliovaa viatu vya kung'aa wakizama kwenye mchanga. Walipika usiku kucha. Nikawakumbusha kwamba mwaka mmoja kabla, alipotangaza kustaafu baada ya miaka 53 ya kuimba, alisema hadharani kwamba muziki haukumpa hata baiskeli, na Diamond Platnumz akamzawadia gari. Bibi alikuwa akilijua hilo. Alisema kijana yule alifanya jambo la kiungwana na Mungu amlipe. Kisha akanyamaza akamenya mihogo miwili mitatu. Mimi nilikuwa na hasira, na ninayo bado. Sauti ile ilifanya kazi kila siku, kwenye redio za nchi nzima, kwa miaka 53. Baiskeli!

Nilipoaga, Bibi alinishika mkono.

"Na upande wa pili wanaimba nini?"

Nikamwambia sijausikia, umekwaruzika.

"Sasa umesikia nusu," akasema. "Anayetoa upande huu ndiye anayepokea upande ule. Hujamjua mtu mpaka umemsikia akipokea."

Mjukuu wake aliniomba nimrushie wimbo, nikamrushia, na alinipeleka na bodaboda mpaka Kisarawe mjini ukipigwa kutoka mfuko wa shati lake. Giza lilikuwa limeingia nilipopata daladala ya kushuka. Tulipita Minaki, tukapita msitu wa Pugu ambao usiku ni ukuta mweusi pande zote mbili, halafu ghafla taa za Gongo la Mboto, na Dar es Salaam ikafunguka chini yetu. Njia hiyo ndiyo aliyoipita kila kijana wa Kisarawe aliyekwenda kutafuta kazi mjini. Niliitazama kwa dirisha mpaka mwisho.

Siku nne baadaye nilikuwa Tumbi, na sindano mpya niliyoipata kwa fundi Kariakoo baada ya kuzunguka maduka sita. Mzee aliigeuza geuza kwenye mwanga, akaipenda. Nikamweleza ya Masaki yote, pamoja na swali la Bibi. Hakusema kitu. Alikwenda chumbani akarudi na pamba na maji ya uvuguvugu, akaifuta sahani kutoka katikati kwenda nje, polepole, akaipuliza. Harufu ya makopa ikapanda. Akaigeuza.

Sindano iliruka mara ya kwanza, ikaruka tena. Mara ya tatu ikashika, katikati ya wimbo, na sauti iliyokuwa ikitoa ilikuwa nyembamba, ya juu, si ile. Nilimtazama Mzee. Alikuwa ameinua kidole.

"Msikilize," akasema. "Yuko nyuma. Anapokea."